Jibu: Soroti inaweza kupata ndege ya abiria ya kila siku?

Habari ndugu, unauliza kama Soroti, huku kwetu mashariki mwa Uganda, inaweza kushikilia ndege ya ratiba kwa vile uwanja wa ndege upo tayari. Mi wa Arua, kaskazini magharibi, nimepanda sana ndege za Entebbe kwa biashara, nakwambia usianze na uwanja, anza na basi. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, unasafiri usiku kucha unashuka mgongo umekwisha, ndo maana wafanyabiashara na watu wa misaada wanakubali kulipa tiketi ya ndege. Soroti hadi Kampala ni kama kilomita 300 za lami, na ndege ikikushusha Entebbe bado una kilomita 40 za foleni mpaka Kampala, sasa umeokoa saa ngapi hapo?

Halafu angalia Kihihi na Kisoro, viwanja vidogo kabisa lakini Aerolink, shirika la ndege la Uganda, inaenda kwa sababu ya watalii wa gorila, na inatumia Caravan, ndege ndogo ya watu kumi na kitu, tena safari moja inaweza kugusa viwanja viwili vitatu ili viti vijae. Kwa hiyo kwanza hesabu nani atalipa Jumanne ya kawaida, kwenda na kurudi. Mi ningeanza na siku mbili kwa wiki, Soroti ikiunganishwa na Kidepo, kwenye mbuga ya wanyama.