Usihesabu Kondoo, Hesabu Walioachishwa Kunyonya

Wafugaji tukikutana, swali la kwanza ni moja: una kondoo wangapi? Mimi nimeacha kuuliza hivyo. Nauliza kila jike aliyepandishwa amekupa wanakondoo wangapi waliofika kuachishwa kunyonya, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana nani atavuka mwaka ambao bei ya sokoni imeshuka huku chakula cha mifugo kimepanda.

Tuseme kumtunza jike mmoja kwa mwaka kunakugharimu 60, kwa pesa yoyote unayotumia. Majike 100 wakikuachia wanakondoo 80, kila mwanakondoo amekugharimu 75 kabla hujampeleka sokoni. Jirani yako ana majike 70 tu, lakini wanamwachia wanakondoo 84. Jike anayebeba na kunyonyesha pacha hula zaidi, basi mwekee 66 kwa kichwa. Bado kila mwanakondoo wake amemgharimu 55. Bei ikiangukia 65, wewe unauza kwa hasara na yeye anauza kwa faida, ingawa wanunuzi ni walewale. Bei huwezi kuipanga. Hiyo 75 au 55 unaipanga mwenyewe, na ukiwa huijui namba yako, mnunuzi atakupangia.

Kazi ya kuishusha namba hiyo huanza kabla ya kupandisha. Mimi hupapasa mgongo wa kila jike, pale nyuma ya mbavu za mwisho, maana manyoya hudanganya macho. Mifupa ikichoma vidole, amekonda. Isipopatikana hata ukikandamiza, amenenepa kupita kiasi. Kwa kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenenepa sana), nawataka kwenye 3 au zaidi kidogo. Walio chini napenda kuwaongezea chakula wiki 2 au 3 kabla ya dume kuingia, kwani jike anayeongezeka uzito wakati huo ana nafasi kubwa zaidi ya kubeba pacha. Dume naye akaguliwe miguu na korodani. Dume mbovu ni hasara ya kundi zima, na utaigundua miezi 5 baadaye.

Kama chakula cha ziada ni kidogo, usikigawe sawasawa mwaka mzima. Kiweke kwa ajili ya wiki 6 za mwisho za mimba, ambapo sehemu kubwa ya ukuaji wa kitoto hufanyika, na kwa mwanzo wa kunyonyesha. Jike wa pacha akikosa nguvu kipindi hicho huweza kuanguka na kufa, nawe umepoteza watatu kwa mpigo. Akishazaa, hakikisha kitoto kimenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6 za mwanzo. Kondoo hampatii mwanawe kinga ya kutosha akiwa tumboni. Kinga hiyo huja na dang'a.

Kuhusu minyoo, usinyweshe dawa kundi zima kila mara kwa mazoea. Fedha inapotea na minyoo inazoea dawa. Panapotawala ule mnyoo anayenyonya damu tumboni, funua kope la chini: lenye wekundu mzuri mwache, lililopauka mpe dawa. (Na chakula cha madini kilichotengenezwa kwa ng'ombe usiwape, shaba nyingi humuua kondoo.)

Sasa lile ambalo wengi hatulipendi. Jike aliyekosa mimba ingawa alikuwa na afya na dume alikuwa mzima, au mwenye kiwele kilichokauka upande mmoja, au aliyeng'oka meno, auzwe. Ninaandika kwenye daftari namba ya hereni, alizaa wangapi, waliobaki ni wangapi. Bila daftari utamhurumia yule mwenye sura nzuri. Orodha ya watakaotoka iwe tayari kabla ya kiangazi, kwa sababu malisho yakikatika wafugaji wote hukimbilia soko siku moja, na kondoo aliyekonda hupimwa kwa macho ya dharau. Ukiuza mapema, wana uzito na bei haijaporomoka. Chakula kinunuliwe msimu wa mavuno, si msimu wa njaa. Wanakondoo nao siwauzi wote siku moja. Wakubwa hutangulia, wengine hufuata, ili bei mbaya ya wiki moja isimeze mwaka mzima.

Mkopo ndio unaonitia hofu kuliko ukame. Tangu kupandisha hadi kuzaa ni miezi 5, kisha ongeza miezi 3 hivi ya kunyonya, na huenda mingine ya kunenepesha. Mkopo unaodai marejesho kuanzia mwezi ujao utalipwa kwa kuuza majike, yaani kwa kuuza kiwanda chenyewe. Omba marejesho yaanze baada ya wanakondoo kuuzwa. Mkopeshaji akikataa, kuza kundi kwa kubakiza majike wachanga waliozaliwa pacha, polepole.