Mwalimu wa taaluma, anza na rejista

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wakuu wa shule ndogo za kata huku Tabora huitwa kwenye vikao kujieleza. Wanaulizwa kwa nini ziro ni nyingi, nao wanaahidi mikakati: kambi, majaribio ya kila wiki, vipindi vya jioni. Nimefundisha shule ya namna hiyo upande wa Kaliua, na neno langu kwa mwalimu anayekabidhiwa taaluma ni hili: usiandike mkakati wowote kabla hujajua wanaokaa kwenye yale madawati wanatoka wapi, wanalala kwa nani na wanaamkia kazi gani.

Kuhusu asilimia sitakaa sana. Shule yenye watahiniwa 40, mmoja ni asilimia 2.5. Watano wakiteleza kutoka daraja la nne kwenda ziro, ufaulu umeshuka kwa 12.5 na watu wameanza kutafuta mchawi. Mwaka unaofuata linakuja darasa jingine, namba zinapanda, tunapongezana. Weka matokeo ya miaka minne au mitano mezani kwa pamoja, ndipo uone kama kuna kilichobadilika. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini huku vikaoni bado tunapangana.

Sasa chukua kaunta buku, ndiyo iwe rejista yako. Piga safu: jina, umri, kitongoji, anaishi na nani, anatembea umbali gani, anakula mchana au hali, nyumbani wanaongea lugha gani, kidato cha pili alipata nini. Usiwasimamishe watoto kuwauliza mbele ya wenzao. Mwachie mwalimu wa darasa azungumze nao mmoja mmoja. Likijaa, utaona kwamba unachokiita darasa ni vijiji kadhaa vilivyokaa chumba kimoja: watoto wa Kinyamwezi wa jirani na shule, watoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia ndani porini, watoto ambao wazazi wao wamekuja kulima mashamba ya watu na msimu ujao huenda wakahama, na ukiwa karibu na Ulyankulu, watoto wa familia zilizofika kutoka Burundi mwaka 1972, ambazo kwao Kirundi bado kinasikika jikoni. Wote hawa tunawapa mtihani mmoja, kwa Kiingereza.

Baada ya hapo, weka mahudhurio ya kila mwezi kando ya kalenda ya tumbaku. Miche inapandikizwa mvua zikianza, na kuanzia Januari hivi kazi ni kuchuma, kufunga majani na kulisha kuni bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, usiku na mchana. Ni miezi ileile ambayo kidato cha kwanza wanaanza shule na kuhama kutoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Mtoto aliyekuwa banini mwezi wa pili na wa tatu amekosa daraja la kuvukia. Mwezi wa tano anakaa kwenye Biolojia akinakili ubaoni herufi kwa herufi, mwandiko mzuri kabisa, na hajui alichoandika. Tulichofanya sisi, na ninakisisitiza, ni kurudia msingi wa Kiingereza msimu wa kuchuma ukiisha, kwa wale tu ambao rejista inaonyesha walikosa. Inawagharimu walimu jioni kadhaa, na inazaa kuliko kambi ya kidato cha nne, ambayo huja maji yakiwa yameshafika shingoni.

Rejista inakuokoa pia na hukumu za haraka. Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akitapika asubuhi. Minong'ono ya ofisi ya walimu unaijua. Matron alipomwita alimtazama mikono kwanza: vidole vilikuwa vimeganda utomvu mweusi wa tumbaku hadi kwenye kucha. Alikuwa anachuma alfajiri, majani yakiwa na umande, kisha anakuja shule. Majani mabichi yaliyolowa huingiza nikotini mwilini kupitia ngozi, na kizunguzungu na kutapika ndizo dalili zake. Mzazi wake alielezwa, akamwondoa kwenye kuchuma. Nashukuru mpaka leo kwamba hakuna aliyemwandikia barua ya kumrudisha nyumbani.

Kwa wasichana, fanya hesabu nyingine kabisa. Wangapi walianza kidato cha kwanza, wangapi waliketi kwenye mtihani wa kidato cha nne? Ufaulu hupigwa kwa waliofanya mtihani, kwa hiyo shule inaweza kupandisha asilimia huku ikipoteza watoto. Aliyeolewa, aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani, aliyechoka kuishi geto, chumba cha kupanga karibu na shule, bila mlezi na bila mkaa, wote hawaonekani kwenye karatasi ya matokeo. Hilo linaniuma kuliko ziro yoyote. Tangu Novemba 2021 aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni, lakini kuna familia ambazo hazijaambiwa, na binti hatarudi kwa sababu ya waraka uliobandikwa ofisini. Mtu aende nyumbani kwao, na ni bora awe mwalimu wa kike anayemfahamu.

Wazazi nao, usiwasubiri shuleni. Kikao cha shule huja wachache, na mara nyingi ni walewale. Mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huwa na watu, maana pale panazungumzwa pembejeo na malipo. Omba dakika kumi kwa mwenyekiti wa chama. Usihubiri umuhimu wa elimu, wanaujua. Wasomee mahudhurio ya kitongoji kwa kitongoji bila kutaja jina la mtoto, kisha waombe kitu kimoja kinachotekelezeka: kidato cha kwanza wasiguse kazi ya bani siku za shule.

Ukiitwa kwenye kikao cha matokeo, beba karatasi mbili, ya ufaulu wa miaka mitano na ya walioanza dhidi ya waliomaliza. Nakala mpe afisa elimu kata siku chache kabla, kwa sababu yeye ndiye atakayewafikia watendaji wa vijiji wale watoto wakiwa bado wanaweza kutafutwa.