Fundi Umeme Anajibu: Dima Janja, Nyutro Iliyokosekana na Taa Zinazopepesa

SWALI: Fundi wetu, habari za kazi? Mwanangu anayefanya kazi Muscat aliniletea swichi janja ya kupunguza mwanga, yaani dima inayoongozwa kwa simu, ili niiweke sebuleni penye taa sita za LED zilizozamishwa darini, kila moja ya wati 5. Fundi niliyemwita alifungua boksi la swichi ya zamani akakuta waya mwekundu, waya mweusi na waya wa arthi, basi. Kwa kuwa dima ilidai nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, aliunganisha arthi mahali pa nyutro, nayo ikafanya kazi. Sasa nikipunguza mwanga taa zinapepesa, na usiku nikizizima zinabaki na mwanga hafifu. Je, dima ni mbovu? – Mama msomaji, Tanga.

JIBU: Mama, shikamoo. Yaelekea dima yako ni nzima. Kilicho kibovu ni namna ilivyofungwa. Kwa hiyo, kabla hatujafika kwenye taa zinazopepesa, naomba uzime sakiti breka ya taa za sebule na uiache imezimwa mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, aondoe waya wa arthi mahali pa nyutro.

Swichi ya kawaida haihitaji nyutro, kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunganisha waya mmoja tu. Dima janja ina redio ndani yake inayoisikiliza simu yako usiku na mchana, hata taa zikiwa zimezimwa, na redio hiyo lazima ipate umeme unaoingia kwa laini na kurudi kwa nyutro. Kwa kuwa redio hiyo hula umeme kidogo sana, mara nyingi chini ya wati 1, mkondo unaopita kwenye arthi yako ni wa miliampia chache, na ndiyo maana kifaa cha kinga kilichopo kwenye bodi ya umeme, ambacho katika nyumba nyingi hukata pale umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30, kimenyamaza. Fundi akaona mambo shwari, akalipwa, akaondoka. Lakini siku waya wa arthi utakapokatika au kulegea mahali fulani kati ya sebule na fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya nyumba, umeme huo utakosa pa kwenda, nao utapanda kwenye kila chuma kilichoungwa na arthi hiyo, kuanzia friji hadi pasi, na atakayeishika friji akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayeupitisha kwenda ardhini.

Sasa, kwa nini boksi lako halina nyutro? Nyumba zetu nyingi husukwa nyaya kwa utaratibu tuliorithi kwa Waingereza, ambapo laini na nyutro hupita juu darini kutoka taa moja hadi nyingine, na kinachoteremka ukutani, ukiacha arthi, ni nyaya mbili tu: mmoja huleta umeme kwenye swichi na wa pili huurudisha juu kwenye taa. Huo wa pili mara nyingi ndio mweusi, na rangi yake humdanganya fundi mwenye haraka akadhani ni nyutro. Testa ya bisibisi peke yake haitoshi kumwokoa. Taa zikiwa zimezimwa, ikigusa nyutro haiwaki, ikigusa arthi haiwaki, na ikigusa ule waya mweusi wa swichi pia haiwaki, hivyo nyaya tatu zenye kazi tatu tofauti zinaonekana kuwa kitu kimoja. Washa taa kwa swichi ya zamani kisha ugusishe tena testa kwenye mweusi, nayo itawaka, maana sasa waya huo umebeba volti 230. Fundi wako angefanya jaribio hilo, au angepima kwa multimita, angejua kwamba hapo nyutro haipo na hakuna wa kushika nafasi yake.

Dawa iliyo bora ni kuivuta nyutro yenyewe. Ikiwa nyaya zako zimepita ndani ya paipu za plastiki zilizofukiwa ukutani, fundi atapitisha springi na kuteremsha kutoka darini waya mmoja zaidi wa milimita 1.5 za mraba, kazi isiyohitaji kuvunja ukuta endapo paipu ina nafasi. Nyutro hiyo itoke kwenye mzunguko uleule wa taa za sebule. Asiazime ya soketi iliyo jirani, hata kama iko karibu kiasi gani, kwa sababu nyutro ya kuazima huweza kufanya kifaa cha kinga kikate ovyo, na mbaya zaidi, humwacha fundi wa kesho akifungua nyaya anazodhani amezizima kumbe bado zina mkondo. Akague pia kina cha boksi, kwani boksi la milimita 25 huibana dima na kukunja nyaya vibaya. La milimita 35 au 47 linafaa zaidi.

Ikiwa waya haupiti, ziko dima zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro. Hizo hupitisha umeme wao mdogo kwenye taa zenyewe, na kwa taa za LED zenye wati chache umeme huo huweza kuonekana kama mwanga hafifu usiku. Kwa ajili hiyo watengenezaji wengi huuza kifaa kidogo chenye kapasita, kinachofungwa darini sambamba na taa, ambacho hukipa kile kijimkondo njia nyingine ya kupita. Kwangu mimi hilo ni chaguo la pili.

Ukishamaliza ya ukutani, tazama taa zenyewe. Kwenye paketi au ubavuni mwa taa tafuta neno la Kiingereza “dimmable”. Lisipokuwepo, hakuna dima itakayozituliza, kwa kuwa kifaa kilicho ndani ya taa hujitahidi kuulinganisha mwanga kila dima inapoupunguza, na mvutano huo ndio kupepesa unakokuona. Lipo tena neno “minimum” kwenye maelezo ya dima, yaani wati chache kabisa inazohitaji. Taa zako zote kwa pamoja ni wati 30, kiasi kinachotosha baadhi ya dima na kisichotosha nyingine. Dima hupunguza mwanga kwa kukata sehemu ya kila wimbi la umeme; ikiwa yako inakuruhusu kuchagua namna ya kukata, jaribu ile ya kukata mwisho wa wimbi, ambayo kwa kawaida hupatana zaidi na LED. Kisha ingia kwenye programu ya simu utafute kiwango cha chini cha mwanga: anza chini kabisa, pandisha polepole hadi taa zote sita zitulie, zima, washa tena, na kama kuna hata moja inayochelewa kuwaka, ongeza kidogo zaidi.

SWALI: Dada yangu amenitumia dima janja kutoka Marekani. Je, nikitafuta kigeuzi cha umeme itafanya kazi Nairobi? – Msomaji, Kenya.

JIBU: Usiifunge. Imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, nawe una volti 240 na hezi 50. Kigeuzi kinafaa kifaa cha kuchomeka mezani, hakifai swichi ya ukutani inayoendesha taa za volti 240. Hata umbo lake halitaingia kwenye boksi lako. Ile ya Mama wa Tanga iliingia bila shida kwa kuwa Oman hutumia umeme na maboksi yanayofanana na yetu.

SWALI: Simu yangu haiioni kabisa dima mpya. Ya chumbani, iliyokubali, ina kasoro nyingine: umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, taa huwaka zenyewe kwa mwanga wote. – Msomaji, Unguja.

JIBU: La kwanza huenda limo kwenye ruta. Dima nyingi za Waifai husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, na ruta za kisasa hutoa pia ya gigahezi 5 kwa jina lilelile. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, yape masafa hayo mawili majina tofauti, unga simu kwenye ya 2.4, kisha bonyeza kitufe cha dima kwa muda kama kitabu chake kinavyoelekeza hadi kitaa chake kianze kumweka.

La pili limo kwenye programu ya simu, sehemu inayoeleza hali ya kuanzia umeme unaporudi. Dima nyingi hutoka kiwandani zikiwa na chaguo la kuwaka au la kukumbuka hali ya mwisho. Kwa chumba cha kulala chagua kubaki imezimwa. Tofautisha na taa ya ngazi au ya mlangoni, ambako ni afadhali iwake, maana anayeshuka ngazi gizani hatakuwa na muda wa kutafuta simu.