Ngurumo iliyotangulia radi yake

Wiki hii kijana mmoja wa Tanga ameniandikia: "Shikamoo kaka. Mchezo wetu una kyu 60 na mitambo tunaishika wawili tu. Inawezekana nibonyeze mara moja, taa na sauti ziende pamoja?" Marahaba, mdogo wangu. (Kwa msomaji mgeni: kyu ni kila badiliko la taa au sauti linalopigwa kwa amri katika mchezo wa jukwaani.) Inawezekana. Ila kwanza nikusimulie nilivyoaibika Bagamoyo.

Bagamoyo si mahali pa kubahatisha. Chuo cha sanaa kipo tangu 1981, leo tunakiita TaSUBa, na ukipanga viti pale ujue nusu ya waliokaa wamewahi kusimama jukwaani. Mchezo wetu ulikuwa na jahazi linalopigwa na dhoruba. Mimi kwenye taa, mwenzangu kwenye sauti upande wa pili wa ukumbi, na msimamizi wa jukwaa akitupa amri kwa simu. Ilipofika dhoruba, simu yangu ikakwama. Ngurumo ikapiga. Giza. Nahodha akainua macho juu, akasubiri. Sekunde tatu nzima ndipo radi yangu ikamulika.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Leo radi imekosa daladala!" Ukumbi ukaangua kicheko, na nahodha aliyetakiwa afe akawa anauma midomo asicheke. Baada ya onyesho mwongozaji alinisema mbele ya wote, hadi wapiga ngoma. Hakuna aliyeuliza kwa nini onyesho zima linaning'inia kwenye simu ya mtu. Bado inaniuma, sitadanganya.

Nikaazima kompyuta ya Mac, maana QLab, programu ya kuendeshea kyu za onyesho, haikubali nyingine, nikajifunza usiku. Sauti zinakaa humo. Kwa taa, unatengeneza kyu ya mtandao inayotuma ujumbe wa OSC, yaani lugha ya amri inayopita kwenye mtandao, hadi meza ya taa, mtambo unaoziendesha taa: piga kyu namba fulani. Kama meza yako ni ya zamani na haijui OSC, angalia kama ina tundu la MIDI, njia ya zamani ya kuunganisha vyombo vya muziki vya umeme, na inaelewa MIDI Show Control, amri zake za maonyesho. Kidole kimoja, mashine mbili.

Hapo ndipo nilipoonja utamu wa kazi hii. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo radi iliyo umbali wa kilomita moja utaisikia baada ya sekunde tatu hivi. Nikaipangia dhoruba yangu safari: mwanga wa kwanza, ngurumo baada ya sekunde nne; mwanga wa pili, baada ya mbili; wa tatu, baada ya nusu sekunde, na mlingoti unavunjika. Mtazamaji hahesabu, lakini mwili wake unajua dhoruba inakaribia. Hilo huwezi kulipata kwa kupigiana kelele kwenye simu.

Sasa msikie kaka yenu. Tumieni waya. Wai-fai itakudanganya wakati wa mazoezi kwa sababu ukumbi ni mtupu. Watu wakiingia na simu zao, hewa inajaa. Mashine zote zipe anwani za kudumu za mtandao mmoja, mathalani 192.168.1.10 na 192.168.1.20, uziandike kwenye karatasi na kuigandisha mezani. Na tumieni waya, narudia.

Kosa langu la pili nililifanya kwa kiburi. Baada ya kuona kyu zinafuatana zenyewe, nikaunga tisa mfululizo. Siku hiyo mwigizaji akasahau neno, akavuta pumzi, na mitambo ikamwacha: jua likachomoza yeye bado analia usiku. Vijana mnapenda mashine kuliko muswada. Someni muswada! Radi na ngurumo yake ziunge, hazimsubiri mtu. Machozi ya mwigizaji yanataka jicho lako na kidole chako. Kati ya kyu zako 60, nadhani hazitafika 15 zinazostahili kuungwa, na mwenzako abaki kwenye meza ya taa, mkono tayari, waya ukichomoka.

Mchezo ule tuliurudia mwezi uliopita. Mwanga wa kwanza ulipomulika jahazi, mtoto mmoja aliyepakatwa na mama yake alitia vidole masikioni, akakunja uso, akaisubiri.