Maswali yenu ya gofu: kabla hujajiita mchezaji wa kulipwa

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kijana wa Tanga anafikaje kwenye gofu ya kulipwa? Nimeyaweka pamoja. Wanaotaka kujua hendikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, inahesabiwaje wamuone katibu wa klabu yao, mimi nimeshalieleza vya kutosha.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kedi, mbeba mikoba ya wachezaji, nina miaka 19, hendikapu yangu ni 6. Nimeamua mwezi ujao niingie kulipwa. Nianzie wapi? (Makorora)

Marahaba mwanangu. Anzia kwa kuahirisha.

Hendikapu 6 kwa kijana aliyejifunzia kwa fimbo za kuazima ni kazi kubwa, na sikubezi hata kidogo. Lakini kwenye mashindano ya kulipwa hakuna hendikapu, kila mkwaju uliopiga unahesabiwa. Mashindano makubwa huwa raundi nne, mashimo 72. Ukizidisha kiwango cha kiwanja, yaani mikwaju kiliyopangiwa, kwa mikwaju 6 kila raundi, Jumapili jioni umezidi 24. Anayeshinda yuko chini ya kiwango cha kiwanja kwa mikwaju 10, 15, pengine 20. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu pesa. Hakuna mshahara, mwanangu. Baada ya mashimo 36 kuna mchujo, na karibu nusu ya wachezaji wanafungasha bila kupata chochote, ilhali nauli, chumba, chakula na kedi wamelipia wenyewe. Kwenye PGA Tour, mzunguko wa mashindano ya kulipwa wa Marekani, bingwa kwa kawaida huondoka na asilimia 18 ya fungu lote la zawadi. Waliobaki wanagawana kwa ngazi inayoshuka haraka, na kwenye mizunguko midogo unaweza kupita mchujo na bado usirudishe nauli yako.

Tena ridhaa si kifungo kama mnavyoambiana. Tangu Januari 2022 kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi ya fedha taslimu hadi dola 1,000, mradi mashindano yawe ya alama halisi, yasiyotumia hendikapu. Kwa hiyo zunguka: Lugalo, Gymkhana ya Dar es Salaam, Morogoro, Moshi, Arusha. Shusha hendikapu mpaka ivuke sifuri, na ikae huko mwaka mzima kwenye viwanja vya wenzako, usipimie kwenye kiwanja ambacho umebeba mikoba hadi unajua kila kichuguu. Ukijitangaza mapema, kurudi ridhaa ni kwa maombi na kusubiri.

Mwalimu, gofu si mchezo wa matajiri? (wengi)

Nendeni kiwanjani saa kumi jioni muwaone makedi wakicheza, kisha mniandikie upya.

Nimeonyeshwa seti mpya ya fimbo 14, nitalipa kidogo kidogo. Nichukue? (Mabawa)

Usichukue. Kanuni inasema usizidi fimbo 14, haikusema lazima uzifikishe.

Seve Ballesteros alizaliwa mwaka 1957 huko Pedreña, kaskazini mwa Hispania, mtoto wa mkulima. Alijifunza kwa fimbo ya chuma namba 3, moja tu, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukweni. Akiwa hajatimiza miaka 17 alishaingia kulipwa. Mwaka 1976, ana miaka 19, alishika nafasi ya pili sawa na Jack Nicklaus kwenye The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, pale kiwanja cha Royal Birkdale. Mwaka 1978 alikuja kushinda Kenya Open, mwaka uliofuata akatwaa The Open yenyewe, na mpaka anamaliza alikuwa na mataji makubwa matano, yaani ya yale mashindano manne ya mwaka yenye heshima kuliko yote. Watu wa zama zake wanakumbuka zaidi jinsi alivyojiokoa kutoka mahali pabaya, na ustadi huo aliupata kwa kulazimisha chuma kimoja kifanye kazi ya fimbo zote.

Ufukwe tunao. Maji yakipwa, mchanga wa Pangani unakuwa mgumu, na mchanga mgumu hauna huruma: ukigusa chini kabla ya mpira unajua hapohapo. Hakikisha tu hakuna mtu wala ngalawa mbele yako. Pesa ya hiyo seti iweke kwa ajili ya nauli.

Mwanangu ananiambia Vijay Singh alipitia Afrika kabla ya kuwa tajiri. Ni kweli au ni hadithi za kijiweni? (Chumbageni)

Kweli kabisa, ndugu yangu, na ningependa kila kijana anayebeba mkoba aisikie yote, si ule mwisho wa utajiri tu.

Alizaliwa Lautoka, Fiji, mwaka 1963. Mwaka 1985 mzunguko wa Asia ulimfungia kwa tuhuma ya kubadilisha alama kwenye kadi yake katika mashindano ya Indonesia. Yeye mwenyewe alikana. Akabaki hana pa kucheza, akaenda Borneo, upande wa Malaysia, kufundisha gofu kwenye klabu. Akishamaliza kufundisha alipiga mipira yake peke yake, siku nenda rudi. Alipopata uwezo akaja kwenye mzunguko wa Safari hapa Afrika, na mwaka 1988 akashinda Nigerian Open. Kutoka hapo akaingia Ulaya, kisha Marekani. Taji lake kubwa la kwanza, PGA Championship, lilikuja mwaka 1998, miaka 13 tangu afungiwe. Akaongeza Masters mwaka 2000 na PGA Championship nyingine mwaka 2004. Mwaka huo wa 2004, akiwa na miaka 41, alishinda mashindano 9 na kumwondoa Tiger Woods kwenye namba moja ya dunia. Kati ya ushindi wake 34 kwenye PGA Tour, 22 aliupata baada ya kutimiza miaka 40.

Kwa hiyo wewe wa miaka 25 unayeniandikia kwamba umechelewa, sikuelewi.

Na yale ya Indonesia hayajamwacha. Ameshinda mengi, na bado anayeandika maisha yake hawezi kuiruka ile kadi. Vijana wangu, hilo lishikeni kuliko hesabu za dola.

Shikamoo. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, anacheza vizuri, sasa anataka kuacha shule afuate gofu. Nimfanyeje? (mama wa Muheza)

Marahaba mama. Mkatalie, na usimwonee haya.

Kazi ya gofu ina milango miwili. Mmoja ni wa kushindana, nao wachache sana wanaupita. Wa pili ni wa kufundisha na kusimamia: mwalimu wa klabu, msimamizi wa mashindano, mtunza kiwanja anayejua nyasi na maji. Huu wa pili ndio unaolisha watu wengi zaidi duniani, na unahitaji mtu anayesoma kanuni, anayeandika ripoti, anayeweza kumfundisha mgeni kwa Kiingereza. Wapo pia vijana wanaopata nafasi za vyuo vya Marekani kwa sababu ya gofu, lakini chuo kitataka vyeti vya shule kabla ya alama za kiwanjani. Mwambie mwalimu amruhusu acheze jioni na Jumamosi. Mtoto mwenye kipaji hapotezi kipaji kwa kusoma algebra.

Na wazee wa klabu mnaomwita mtoto wa watu aje abebe mkoba siku ya shule, mnafanya vibaya. Mnajijua.

Kuna bwana anaomba laki nane anipatie nafasi kwenye majaribio ya Ulaya. Nimpe? (Ngamiani)

Usimpe hata mia. Mtihani wa kufuzu wa DP World Tour, mzunguko wa Ulaya, unajiandikisha mwenyewe na ada unailipa kwa waandaaji wenyewe. Una hatua tatu, na ya mwisho peke yake ni raundi sita. Sunshine Tour ya Afrika Kusini nayo ina mtihani wake. Nafasi inapatikana kwa alama, hakuna dalali wa alama. Kama umeshampa, nenda polisi leo.

Mimi ni binti. Kuna maisha huko kwa mwanamke? (Pongwe)

Yapo, mwanangu, na yako karibu kuliko unavyodhani. Pita Horohoro, vuka Mombasa, utafika Vipingo, Kilifi. Mwaka 2019 mzunguko wa wanawake wa Ulaya ulicheza pale, na aliyeshinda ni Esther Henseleit, binti wa Kijerumani aliyekuwa kwenye mwaka wake wa kwanza wa kulipwa. Mwaka 2024 alichukua medali ya fedha ya Olimpiki Paris. Mashindano kama hayo yakirudi, nenda ukaangalie kwa macho yako, hasa wanavyofanya mazoezi ya kupiga fupi kabla ya raundi. Na klabu za hapa zikikupa saa za kucheza ambazo wanaume hawazitaki, dai saa nzuri.

Asubuhi napiga vizuri, mchana upepo wa kusi unanivuruga. (Raskazone)

Jifunze mpira wa chini: fimbo ndefu zaidi, mkono mfupi, nguvu kidogo. Na acha kucheza asubuhi tu.

Mwenzangu aliandika kadi yangu vibaya, nami nikasaini bila kuangalia. Wakaniondoa. Kosa ni la nani? (Bombo)

Lako. Kwenye Masters ya 1968 Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga 3 shimo la 17, mwenzake aliyemwandikia kadi akaandika 4, naye De Vicenzo akasaini. Alama kubwa uliyosaini inabaki kama ilivyo, kwa hiyo 65 yake ikawa 66, akakosa kwa mkwaju mmoja kurudiana na Bob Goalby. Kama ingeandikwa pungufu angeondolewa kabisa, kama ulivyoondolewa wewe. De Vicenzo hakumlaumu aliyeandika.

Ninachokiona kwenye mashindano yetu ya Jumamosi ni kibaya zaidi ya kusahau. Watu wanaandikiana 5 mahali palipopigwa 6, wanaita urafiki. Anayeandikiwa hivyo anaondoka na hendikapu ya uongo, anaenda Dar es Salaam au Arusha kujipima, na anapigwa mikwaju 15 siku ya kwanza mbele ya watu. Ukimaliza shimo, taja alama yako kwa sauti, msikie mwenzako akiitaja, ndipo iandikwe. Mwisho wa raundi soma mashimo yote 18, moja moja, kabla hujagusa kalamu.