Jibu: Kwa nini ndege huelea kabla ya kutua Tanga

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya abiria, ikitua uwanja wa Tanga huelea juu ya lami kana kwamba haitaki kugusa. Si upepo wa bahari. Ndege ikishuka chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, kama mita 16 kwa Caravan, ardhi huzuia hewa isijizungushe vizuri kwenye ncha za mabawa. Ukinzani wa hewa unaotokana na mabawa kuinua ndege hupungua, hivyo ndege haipunguzi mwendo upesi, inaelea. Kwenye sehemu ya kumi ya kimo hicho, karibu nusu ya ukinzani huo huisha. Ikija kasi, itakula lami nyingi.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wakati wa kupaa: kwa kuwa ukinzani ni mdogo karibu na ardhi, ndege nzito hunyanyuka kabla ya mwendo kutosha, ikipanda kidogo ukinzani unarudi, nayo inashuka tena. Rubani lazima aongeze mwendo kwanza akiwa bado karibu na ardhi, ndipo apande.