Mshauri Wenu: Akili Haitulii Hata Nikikaa Kimya

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala na ninauza katika duka la vitambaa Kariakoo. Ninaamka saa kumi alfajiri, ninarudi nyumbani saa mbili usiku, na siku za foleni Barabara ya Kilwa hunichelewesha zaidi ya hapo. Mwili ukilala, akili haikubali: ada ya shule, kodi ya nyumba na maneno ya tajiri wangu dukani huja kwa pamoja. Nilisikia redioni kwamba kutafakari na kushukuru huleta utulivu, nikajaribu kukaa kimya chumbani watoto wakishalala, lakini mawazo yakazidi badala ya kupungua. Tena, kila nikimweleza mama mkwe kwamba tajiri ananikata mshahara bila sababu, hunijibu, "Shukuru una kazi." Je, mambo haya ni ya watu wenye nafasi, au mimi ndiye nisiyejua kushukuru?
Mama wa wawili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ulilomalizia, kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi. Kukatwa mshahara bila sababu si jambo la kushukuriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka juu ya makato ambayo mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi, na mgogoro wa namna hiyo unaweza kuufikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mama mkwe wako huenda anakutakia mema, maana wazee wetu wengi wamepita katika dhiki kwa kujihimiza hivyo hivyo, lakini shukrani inayotumiwa kumnyamazisha aliyedhulumiwa humwongezea mzigo wa kujiona mkosaji. Unaweza kushukuru kwamba watoto wako wamelala wakiwa wazima, na kesho yake ukadai haki yako. Mambo hayo mawili hukaa vizuri katika moyo mmoja.

Sasa juu ya kutafakari, yaani kutulia na kuielekeza akili kwenye jambo moja, kama pumzi. Mafunzo ya namna hii yaliyoenea sana katika hospitali za nchi za Magharibi yaliasisiwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na wanafunzi wake wa kwanza hawakuwa watu wenye nafasi: walikuwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu ambao dawa na upasuaji havikuwasaidia vya kutosha. Ni kweli kwamba mafunzo yake ya wiki nane yanataka muda mrefu kila siku, muda ambao wewe huna, na sitakudanganya kwamba dakika chache zinalingana na hayo. Hata hivyo, dakika chache zinazofanyika kila siku zina faida kuliko saa nzima isiyopatikana kamwe.

Ulichokiona chumbani, yaani mawazo kuzidi ulipokaa kimya, humpata karibu kila anayeanza. Mchana kutwa wateja, hesabu na kelele za Kariakoo huyafunika mawazo hayo. Ukikaa kimya ndipo unapoyasikia yote. Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechunguza utulivu wa mwili katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba mtu asipigane na mawazo yanayomjia, bali ayaache yapite, kisha arudi polepole kwenye neno au pumzi aliyoichagua. Kule kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Ukipotea mara ishirini na kurudi mara ishirini, hujashindwa. Umefanya mazoezi mara ishirini.

Ningependa uache kwanza kile kikao cha usiku, kwa kuwa wakati huo wewe umechoka na hofu za kesho zina nguvu zaidi, uanze ndani ya daladala asubuhi ukipata kiti. Vuta pumzi kupitia puani huku ukihesabu polepole hadi nne, kisha itoe ukihesabu hadi sita, bila kujilazimisha. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo utakuwa unapumua kama mara sita. Tunapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo kwa kazi ya neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na ndiyo maana ninataka kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kawaida.

Shukrani nayo ina namna yake. Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambao katika sehemu yake moja wanafunzi wa chuo kikuu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi: wengine mambo wanayoyashukuru, yasiyozidi matano, wengine kero zao, na wengine matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi na waliitazamia wiki ijayo kwa matumaini zaidi. Angalia kwamba ilikuwa mara moja kwa wiki. Shukrani inayoandikwa kila siku kwa kujilazimisha inaweza kugeuka kuwa orodha isiyogusa moyo. Chagua siku moja, labda Jumapili jioni, uandike machache na uyataje kwa undani. Usiandike "nashukuru kwa majirani", bali andika kwamba jirani alimchukua mwanao shuleni siku ile ulipokwama kwenye foleni, na kwamba hakungoja kuombwa.

Usitarajie muujiza. Uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliotolewa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, ulionyesha kwamba kutafakari kunapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini haukuona ushahidi kwamba kunayapita matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya mwili. Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa mfululizo, ukipoteza hamu ya chakula na ya watu wako, au ukijiwa na fikra za kujidhuru, nenda hospitali uonane na daktari, na ukifika usiwaambie kwamba ni uchovu tu.

SWALI: Mshauri, salaam. Dada wa kazini ananihimiza nitafakari, lakini nasikia jambo hili limetoka katika dini za India. Mimi ni Mwislamu. Je, sitaingia katika ibada isiyokuwa yangu?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Wasiwasi wako ni wa mtu anayeijali imani yake, nami nauheshimu. Kabat-Zinn alijifunza kutoka kwa walimu wa Kibudha, hilo halifichwi, ingawa mafunzo yake ya hospitalini hayana ibada ndani yake. Wewe lakini huhitaji kwenda mbali. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa kirefu juu ya tafakuri na juu ya subira na shukrani, na ahadi ya kuzidishiwa wanaoshukuru imo katika Surat Ibrahim, aya ya 7. Hata maneno ya ibada yakitamkwa taratibu hutuliza pumzi: watafiti nchini Italia walichapisha mwaka 2001 matokeo kwamba watu waliosali rozari, sala ya Wakatoliki, kwa Kilatini walipumua kama mara sita kwa dakika. Basi baki kwenye mkeka baada ya sala ya Alfajiri, ulete dhikiri zako taratibu, kila tamko kwa pumzi moja ndefu, na usiinuke mpaka umekumbuka neema moja ya jana kwa jina lake.